Pima mwenyewe: chaji ikipungua, gari la umeme linachanganya mwendo vipi?

Mwaka jana, msimu wa korosho umekolea na malori yanakwenda bandarini Mtwara usiku na mchana, mwalimu mmoja aliniletea Nissan Leaf yake, ile ya zamani yenye betri ya kilowati-saa 24.

"Fundi, gari limeisha nguvu. Jana natokea Lindi, nimetoka niovateki lori, nakanyaga mpaka chini, halichanganyi. Ikabidi nirudi nyuma yake."

"Pole, Mwalimu. Chaji ilikuwa asilimia ngapi?"

"Kumi na kitu."

Asubuhi ile lilikuwa na chaji ya 80. Tukalitoa barabarani, likavuta vizuri. Mota ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo kila anayeniletea gari la umeme namfundisha kipimo hiki, maana anayekijua hatakwama upande wa pili wa barabara huku lori linakuja mbele yake.

Kwanza elewa kinachotokea

Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Betri ya Leaf hiyo ina jozi 96 za seli zilizounganishwa kwa mfululizo. Seli ikijaa ina kama volti 4.1, kwa hiyo betri nzima ina kama 394. Chaji ikishuka hadi seli ibaki na volti 3.6, betri nzima ina 346. Vuta ampea 200 katika hali zote mbili: ya kwanza inatoa karibu kilowati 79, ya pili 69. Kilowati kumi zimeondoka na hakuna kilichoharibika.

Hesabu hiyo ni ya volti za betri ikiwa imetulia. Ukikanyaga, volti zinadidimia zaidi kwa sababu ya ukinzani ulio ndani ya seli, na ukinzani huo huongezeka chaji ikiwa chini na betri ikiwa imezeeka. Kompyuta ya betri ikiona seli inakaribia kushuka kupita kiasi, inapunguza ampea ili kuiokoa. Mwisho kabisa inawaka taa ya kobe kwenye dashibodi, na kutoka hapo gari linajikokota tu.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo linalowadanganya wengi. Gari likiwa linaondoka, mwendo ukiwa mdogo, msukumo wa mota unategemea zaidi ampea zinazopita kwenye nyaya zake, na nguvu inayotoka kwenye betri bado ni ndogo. Kwa hiyo hata ukiwa na chaji ya 20, kwenye taa za barabarani utaondoka kama kawaida na kuwaacha wenye petroli. Lakini mota inavyozunguka kwa kasi, yenyewe inazalisha volti zinazosukumana na zile za betri. Hapo betri yenye volti chache inazidiwa. Upungufu unaujua ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, tayari umeshatoka kuovateki.

Hatua ya 1: Andaa gari

Jaza upepo wa matairi sawasawa. Zima Eco, maana inafanya pedeli iwe nzito kuitikia na itakuharibia kipimo. Zima AC. Watu na mizigo wawe walewale siku zote za kupima.

Hatua ya 2: Chagua kipande cha barabara

Kiwe kimenyooka, tambarare, nje ya makazi, bila vibao vya 50. Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla malori hayajachangamka. Usipime usiku, wala karibu na shule.

Pima kwenda na kurudi, kisha uchukue wastani. Kwetu huku pwani, Kusi ikivuma, upande mmoja gari linasukumwa na upande mwingine linazuiwa. Ukipima upande mmoja tu, utadhani umeipima betri kumbe umeupima upepo.

Hatua ya 3: Rekodi

Funga simu kwenye kishikio, kamera ielekee spidomita, uanze kurekodi video kabla hujaondoka. Usiishike mkononi. Pima vitu viwili: kutoka kusimama hadi mwendo wa 40, na kutoka mwendo wa 50 hadi 80. Rudia mara tatu kila upande, ukipumzisha gari dakika tano katikati ili betri isipate joto. Leaf ya zamani kama hii haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na jua letu unalijua.

Nyumbani, angalia video polepole uhesabu sekunde.

Hatua ya 4: Rudia kwa viwango tofauti vya chaji

Anza na 90, halafu 60, 30, na 15. Usishuke chini ya hapo, na hakikisha soketi ya kuchajia iko karibu. Andika pia vijiti vya afya ya betri, vile vyembamba 12 pembeni ya geji ya chaji. Gari lenye vijiti 8 halitalingana na lenye 12, hata yote yakiwa na asilimia 30.

Hatua ya 5: Soma majibu yako

Kwenye gari la Mwalimu, kutoka kusimama hadi 40 tofauti kati ya chaji ya 90 na ya 15 ilikuwa ndogo mno kuiamini. Kutoka 50 hadi 80 ilizidi sekunde moja. Sekunde moja si kitu ukiwa umekaa kwenye kiti, lakini ukiwa kwenye mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, na huo ni urefu wa semi na ushei.

Kama gari lako lina betri ya LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti), kama magari mengi ya sasa ya BYD ya China, mambo ni tofauti: volti za seli hukaa karibu palepale, 3.2 hadi 3.3, kwa sehemu kubwa ya chaji, kisha zinaporomoka mwishoni. Utaona gari zima kabisa, halafu ghafla limelegea. Hilo lipime kwa makini zaidi kwenye chaji za chini.

Usikimbilie kuchaji 100 kila siku ili upate nguvu. Betri ikikaa imejaa kwenye joto letu inachakaa haraka. Tena ukiteremka kutoka Newala kuelekea Masasi na betri imejaa, gari haliwezi kurudisha umeme kwenye betri, na ule mvuto unaolipunguza mwendo ukiachia pedeli unakuwa haba. Breki za mguu zitabeba karibu kazi yote ya ule mteremko.

Hatua ya 6: Weka mpaka wako

Tafuta kiwango ambacho 50 hadi 80 inaanza kuchelewa waziwazi, uongeze asilimia tano juu yake. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, na Leaf iliyochoka itakuwa chini ya mpaka huo muda mrefu kabla hujafika. Panga safari kwa kuzingatia hilo.

Mwalimu ameandika 35 kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, akakibandika kando ya spidomita. Chaji ikishuka chini ya hapo anabaki nyuma ya lori la korosho mpaka linapokata kona.