Somo: Ekari ya mahindi inakulipa, au unailisha?

Swali la "umepata gunia ngapi?" halisemi lolote kuhusu faida. Gunia 20 zinaweza kukutia hasara, na 12 zikakulipa. Bei za hapa ni za mfano, weka za kwako.

1. Fungua daftari siku ya kusafisha shamba, usingoje mavuno. Ukitegemea kichwa utasahau nauli ya mbolea na chai ya vibarua.

2. Andika fedha iliyotoka. Ekari moja: kodi ya shamba 50,000, trekta 60,000, mbegu kilo 10 kwa 80,000, DAP (mbolea ya kupandia) mfuko 75,000, urea (mbolea ya kukuzia) mfuko 70,000, palizi mbili 80,000, dawa ya viwavijeshi 25,000, kuvuna, kupukuchua na magunia 100,000. Jumla 540,000.

3. Thaminisha kazi ya nyumbani. Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Familia imetoa siku 24. Kibarua kijijini analipwa 5,000, basi ni 120,000. Gharama kamili 660,000.

4. Pima mavuno yote yakiwa makavu, pamoja na ya kula. Mahindi mabichi ni kupima maji. Gunia 15 za kilo 100, 12 zimeuzwa kwa 60,000, 3 zimebaki ghalani: thamani 900,000.

5. Gawanya. Faida 240,000. Gunia moja limekugharimu 660,000 ÷ 15 = 44,000; dalali akikupa chini ya hapo, umemlipa ayabebe. Siku moja ya kazi yenu je? (900,000 − 540,000) ÷ 24 = 15,000, mara tatu ya kibarua.

MASWALI

— Shamba ni la urithi. Kodi ya nini?

Iandike. Jirani angelikodi angekupa 50,000 bila wewe kushika jembe. Ukiiacha, faida ya ardhi itajifanya faida ya kilimo.

— Mnunuzi wetu hataki gunia bila lumbesa (kulijaza kupita kipimo).

Lumbesa ya kilo 120 inageuza kilo zako 1,500 kuwa gunia 12 na nusu. Bei ya gunia haijasogea, ila kilo imetoka 600 hadi 500. Ukiuza mzigo wote hivyo, 150,000 zimeondoka, zaidi ya nusu ya faida. Uza kwa mizani, hata ya kuazima.

— Pampu ya dawa ya 60,000 naiweka wapi?

Usiibebeshe msimu mmoja. Ikidumu miaka 4 ni 15,000 kwa mwaka; ukilima ekari 3 mara moja kwa mwaka, kila ekari ibebe 5,000. Faida yetu ya hapo juu inashuka kuwa 235,000.