Misuli inapovunjika kwa homa ya mafua: mambo ya kuzingatia kabla

Homa ya mafua au UVIKO-19 huuma mwili mzima, na kwa wengi maumivu hupoa homa ikishuka. Wachache seli zao za misuli hupasuka na kumwaga vilivyomo kwenye damu. Mayoglobini, protini ya misuli, huziba na kudhuru mirija ya figo, potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Jiandae ukiwa mzima, maana ukishalala na homa hutakuwa na nguvu ya kupekua mambo haya.

Anza na dawa unazotumia kila siku. Statini za kupunguza lehemu huweza kudhuru misuli zenyewe, na simvastatini ikikutana na klarithromaisini, antibiotiki ya kifua, hupanda mno kwenye damu. Kolchisini, dawa ya jongo, nayo ina tabia hiyo. Andika majina na dozi, karatasi hiyo uende nayo kwa daktari. Usiziache kwa uamuzi wako.

Kwa maumivu weka parasetamoli: mtu mzima asizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu pia iliyomo kwenye dawa za mafua za mchanganyiko. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, kwa hiyo aliyepungukiwa maji aziepuke. Mazoezi yasubiri. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize mapema anywe maji kiasi gani.

Jambo kubwa kuliko yote ni mkojo. Kojoa kwenye chombo cheupe, utazame mwangani. Njano iliyokolea ya kukosa maji hufifia baada ya kunywa. Ukiwa wa kahawia, kama chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Lakini mkojo wa kawaida haukuhakikishii usalama, kwa sababu mayoglobini hutoka haraka mwilini. Misuli ikivimba, ikilegea, au mkojo ukipungua, nenda vilevile.

Ukifika, taja homa, misuli na rangi ya mkojo kwa pamoja. Kijiti cha mkojo kikionyesha damu huku hadubini haioni chembe nyekundu, hiyo ni dalili ya mayoglobini. Omba kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, pamoja na potasiamu na kreatinini, kipimo cha figo. CK iliyozidi mara 5 ya kiwango cha juu cha kawaida, takriban yuniti 1,000 kwa lita, huthibitisha kuwa misuli inavunjika. Hupanda kwa siku 1 hadi 3, hivyo kipimo kimoja cha mapema hakitoshi. Tiba ni dripu mapema, mtu mzima akilengwa kutoa mkojo mililita 200 hadi 300 kwa saa.

Mtoto wa umri wa shule huweza kuamka homa imeshuka, vigimbi vinauma, anatembea kwa ncha za vidole. Mara nyingi ni influenza B, aina ya virusi vya homa ya mafua, na hupona ndani ya wiki moja hivi. Asipewe aspirini, na mkojo wake utazamwe vilevile.