Namna ya Kupima Mate ya Mtoto Mwenye Afya

Mate ya mtoto hubadilika saa hadi saa, kiasi kwamba namba iliyoandikwa bila kueleza hali aliyokuwa nayo mtoto alipopimwa haimsaidii anayeisoma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mpimaji hufanyika kabla tone la kwanza halijaingia kikombeni.

Ukishapata ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, chagua saa moja maalumu, tuseme saa 3 asubuhi, na ukirudia siku nyingine usiibadilishe, kwa sababu mate hukaribia kukauka usingizini na huongezeka kuelekea alasiri. Mtoto asile, asinywe wala asipige mswaki kwa saa moja na nusu kabla ya kupimwa, na kama ametoka kucheza, apumzike kwanza dakika 10. Anayetumia dawa za mzio asipimwe siku hiyo, kwa kuwa nyingi kati yake hukausha kinywa.

Anza na mate ya utulivu, yaani yanayotoka yenyewe bila kutafuna wala kuchochewa. Pima uzito wa kikombe kikavu kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, umkalishe mtoto akiwa ameinamisha kichwa kidogo mbele, umwambie ameze mara moja, kisha uanze kuhesabu muda. Kwa dakika 5 ayaache mate yachuruzike yenyewe kikombeni, bila kuzungumza, bila kumeza na bila kuchezesha ulimi. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia hivyo asilazimishwe: kilio peke yake kinatosha kuharibu kipimo. Kwa kuwa takriban asilimia 99 ya mate ni maji, gramu 1 huhesabiwa kuwa mililita 1, hivyo aliyetoa gramu 1.5 katika dakika 5 ana mililita 0.3 kwa dakika.

Baada ya hapo, wala si kabla, mpe kipande cha nta ya parafini kisicho na ladha akitafune. Mate ya dakika ya kwanza ayameze, yanayofuata ayateme kikombeni kwa dakika 5. Ndimu huchochea mate kwa nguvu zaidi, lakini asidi yake huvuruga kipimo cha pH (kiwango cha uasidi; pH ikipanda, asidi imepungua), nami siishauri.

Vikombe hivyo viwili visichanganywe kamwe. Mate ya utulivu hutoka zaidi katika tezi zilizo chini ya taya, nayo huwa mazito kwa utelezi. Mtoto anapotafuna, tezi zilizo mbele ya masikio huongeza mchango wake wa mate mepesi yenye amilesi nyingi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Tena, mate yanapopita katika mifereji ya tezi, sodiamu hufyonzwa na kurudishwa mwilini, lakini yakipita kwa kasi hukosa muda wa kufyonzwa vya kutosha. Ndiyo sababu mate ya kutafuna huwa na sodiamu nyingi zaidi, pia bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi, na pH yake hupanda. Watoto wawili wanaotofautiana kwa sodiamu huenda wanatofautiana kwa kasi ya mate tu.

Pima pH papo hapo, maana kabonidayoksaidi ikitoroka hewani pH hupanda, na sampuli ya mate utakayopima protini iweke kwenye barafu mara moja, kabla vimeng'enya na bakteria hawajaanza kuivunja. Ukipata kiasi kidogo kuliko ulivyotarajia, rudia siku nyingine, saa ileile, kabla ya kumwambia mzazi kwamba kuna tatizo.