Jinsi ya kuandaa raundi ya kutazama kwa makini kwa kutumia filamu za zamani

Mfano mzuri ni Screen Test ya BBC (1970–1984): watoto walionyeshwa kipande cha filamu, kisha wakaulizwa walichokiona. Ukitaka raundi kama hiyo kwenye chemsha bongo yako, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Hakimiliki. Nchini Marekani, filamu zilizotolewa kabla ya 1930 ziko huru. Angalia pia sheria ya nchi unakorusha kipindi. Filamu bubu nyingi zimepachikwa muziki mpya wenye hakimiliki yake, kwa hiyo ondoa sauti.

Hatua ya 2: Kata kipande cha sekunde 60 hadi 90. Epuka tukio maarufu, maana aliyewahi kuiona filamu atajibu kwa kumbukumbu. Usivute picha ya 4:3 (umbo la filamu za zamani) ijaze skrini pana ya 16:9, kwani robo nzima ya picha itakatwa juu na chini, pengine pamoja na jibu lenyewe.

Hatua ya 3: Maswali matano. Hapa ndipo raundi nyingi huharibika. Tazama kipande mara moja bila kusimamisha, andika maswali, ndipo uyahakiki fremu kwa fremu, yaani picha moja moja. "Gari lilitokea kulia?" linaleta ugomvi: kulia kwa dereva au kwa mtazamaji? Sema "upande wa kulia wa skrini". Swali la "chumbani walikuwa watu wangapi?" liache kama kuna mtu amejificha nusu kwenye kivuli. Chunguza pia makosa ya uhariri: glasi imejaa, shoti inayofuata imebaki nusu. Swali juu ya glasi hiyo lina majibu mawili sahihi, na mshiriki atakayelalamika atakuwa na haki.

Hatua ya 4: Majaribio. Wape maswali watu watano ambao hawajaona kipande kabisa. Swali ambalo wengi wao wanalipata kwa kubahatisha, lifute. Kisha waonyeshe kipande wengine watano kwenye monita ileile itakayotumika studioni, uwaulize maswali. Wote wakikosa swali moja, mara nyingi kitu chenyewe hakionekani: ni kidogo mno, au faili limebanwa hadi picha imefifia.

Hatua ya 5: Kurekodi. Mimi napendelea majibu ya kuandikwa, sekunde 10 kila swali. Kengele ya kuwahi kujibu humpendelea mwenye mkono mwepesi kuliko mwenye jicho kali. Andaa mapema muda kamili wa kila jibu, dakika, sekunde na fremu, ili mhariri airudishe picha na kuigandisha papo hapo. Watazamaji nyumbani nao wanataka kuhakikisha.