Arpejio za Maina kwenye Gitaa la Besi: Anza na La, Do, Mi

Aliyewahi kuimba kwaya kwa do, re, mi tayari anaijua arpejio ya maina (kwa Kiingereza minor, yenye mlio wa huzuni), hata kama hajawahi kushika gitaa la besi. Aimbe la, do, mi, kisha la ya juu, polepole, sauti moja baada ya nyingine. Arpejio ni kodi, yaani noti kadhaa zinazolingana, iliyofunguliwa, noti zake zikapigwa kwa zamu badala ya kupigwa kwa pamoja; na mpiga besi, ambaye aghalabu hupiga noti moja moja, huitambulisha kodi kwa njia hiyo. Kwa hiyo imba kwanza, ndipo uguse nyuzi.

Tuchukue A maina, yenye noti A, C na E (ndizo la, do, mi ulizoimba), kwenye besi ya nyuzi nne zilizotyuniwa E, A, D, G kuanzia uzi mnene. Kidole cha shahada kikae freti ya 5 (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya uzi wa E, hapo ni A. Kidole kidogo kiende freti ya 8 ya uzi huohuo, ilipo C. Kidole cha pete kibonyeze freti ya 7 ya uzi wa A, upate E, kisha freti ya 7 ya uzi wa D, upate A ya juu.

Noti inayoifanya kodi hii iwe maina ni hiyo C, iliyo nusu toni tatu, yaani freti tatu, juu ya A. Ukiteleza freti moja tu hadi ya 9, umeingia meja (major), na waimbaji watageuka kukutazama. Bahati mbaya noti nyeti namna hiyo imeangukia kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Mimi nilikikwepa kwa miezi mingi, nikawa nasogeza mkono mzima ili kidole cha pete kifike, na kila mara nikawa nachelewa pigo. Kidole kidogo kibonyeze nyuma tu ya chuma cha freti, wala si juu yake, huku vidole vingine vikilala juu ya uzi kukisaidia. Ikiwa mkono unauma kwa kutanuka, hamisha umbo hilohilo uanzie freti ya 10, upate D maina, kwa kuwa freti za huko zimekaribiana. Utarudi ya 5 vidole vikishazoea.

Penye freti ya 7 mara mbili, wengi huacha E iendelee kulia chini ya A. Usikinyanyue kidole cha pete kukirusha uzi wa pili, bali kilaze kidogo, ncha iache kubonyeza uzi wa A lakini iendelee kuugusa ili uzimike, nayo sehemu ya chini ya ncha ibonyeze uzi wa D. Wakati wa kushuka, kisimamishe tena. Mkono wa kulia upokezane shahada na cha kati.

Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila pigo, ukipanda na kushuka. Usiongeze kasi mpaka noti zote zilingane kwa urefu na kwa nguvu.

Sasa hamia uzi wa A kwa umbo lilelile: ukianzia freti ya 5 ni D maina (D, F, A), ukianzia ya 7 ni E maina (E, G, B). Hizo ndizo re-fa-la na mi-so-ti za ufunguo wa C. Piga A, D, E, kisha A, kila kodi mapigo manne. Ukishatulia, acha kurukia noti ya msingi (ile inayoipa kodi jina) kila mara: A imo katika A maina na D maina pia, basi ingia D maina kwa A hiyohiyo uliyoishia. E maina na D maina hazina noti wanayoshirikiana, kwa hiyo hapo telezesha mkono freti mbili kabla pigo la kwanza halijafika.