Kabla halmashauri haijakopesha mradi wa sola, uliza haya

Mimi ni fundi sola hapa Moshi, na mikutano ya kata siikosi. Je, serikali itie pesa kwenye kampuni changa za nishati? Naam, ila iwe mkopo, na maswali yaulizwe bila kuoneana haya. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Humo mna ushuru wa mama muuza ndizi pale Kiborloni.

Anza na betri, si paneli. Paneli hudumu zaidi ya miaka 20. Betri ya asidi mara nyingi huchoka ndani ya mitano. Muulize mwombaji nani atanunua nyingine. Akijibu "wafadhili", funga daftari. Kisha taka kuwajua wateja wanaolipa sasa hivi, uwafuate Uru au Old Moshi, yeye asiwepo. Gesi ya samadi? Hesabu ng'ombe: mtambo mdogo wa nyumbani unataka angalau wawili wa kufugwa zizini. Kwetu Wachaga hilo si tatizo.

Pesa zitoke kwa awamu, na asipewe mmoja zote. Marekani iliidhamini Solyndra, kampuni ya paneli za sola, mkopo wa dola milioni 535 mwaka 2009; kampuni hiyo ikafilisika 2011. Lakini Tesla, ya magari ya umeme, ilikopeshwa na serikali hiyo hiyo milioni 465 mwaka 2010, ikamaliza kulipa 2013. Atakayeficha leja, awamu ya pili asiione.