Namna ya Kuchunguza Kifo cha Eduardo Mondlane

Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, alichukua barua na vifurushi vyake katika ofisi ya chama iliyokuwa Mtaa wa Nkrumah, Dar es Salaam, akaenda navyo Oysterbay kwenye nyumba ya rafiki yake Mmarekani, mahali alipozoea kufanyia kazi kwa utulivu. Katika kifurushi kimoja mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu hicho mlikuwa na bomu lililomuua alipokifungua. Hakuna aliyewahi kupandishwa kizimbani Tanzania kwa mauaji hayo. Anayetaka kuyaandika leo, awe mwanafunzi wa historia au mwandishi wa habari, atakuta visa vingi vilivyokwisha kukamilishwa na watu wengine, kila kimoja na mhalifu wake.

Kazi ianze kwa kuligawa swali. Kuuliza “nani alimuua Mondlane” ni kufunga pamoja maswali manne: nani aliagiza, nani alitengeneza bomu, nani alilifikisha mezani kwake, na nani alijua akanyamaza. Ushahidi wa swali la pili si ushahidi wa swali la tatu. Polisi wa Tanzania, wakisaidiwa na wenzao wa nje, walifuatilia betri za bomu hadi Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo siku hizi, uliokuwa mikononi mwa Wareno. Baada ya mapinduzi ya Ureno ya 25 Aprili 1974, jina lililotajwa sana ni la Casimiro Monteiro, wakala wa PIDE, polisi wa siri wa Ureno, ambaye pia anajulikana kwa kumuua Jenerali Humberto Delgado, mpinzani wa serikali ya Ureno, mwaka 1965. Hayo yanaelekeza kidole Ureno kwa nguvu, lakini hayaelezi kifurushi kilipitia mikono ya nani kabla ya kuingia katika barua za rais wa chama.

Kwa swali hilo la mikono, usianzie Februari 1969. Rudi nyuma angalau hadi Oktoba 1966, alipouawa Filipe Samuel Magaia, mkuu wa jeshi la FRELIMO, kwa risasi ya mpiganaji wa upande wake mwenyewe. Nafasi yake ikashikwa na Samora Machel, na maneno juu ya kifo hicho hayajaisha. Kisha nenda mwaka 1968, ambao ndio moyo wa jambo lote. Mwezi Machi wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO pale Kurasini, Dar es Salaam, walifanya ghasia, wakiungwa mkono na Padri Mateus Gwenjere, na shule ikafungwa. Mwezi Mei kundi la watu, wengi wao Wamakonde, lilivamia ofisi ya chama jijini, na mwanachama Mateus Muthemba akajeruhiwa vibaya hata akafariki. Mwezi Julai mkutano mkuu wa pili ulifanyika Machedje, ndani ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, bila Lazaro Nkavandame, kiongozi wa chama katika Cabo Delgado, mkoa jirani, ambaye alitaka ufanyike kusini mwa Tanzania. Malalamiko ya upande wake hayakuwa ya kikabila tu, kama yanavyosimuliwa mara nyingi. Yalihusu pia biashara ya maeneo yaliyokombolewa, nani aisimamie na faida iende kwa nani, pamoja na kinyongo kwamba watu wa kaskazini wanakufa vitani huku watu wa kusini wakishika uongozi. Desemba akauawa Paulo Samuel Kankhomba, kamanda aliyekuwa akivuka kwenda Cabo Delgado. Januari 1969 Nkavandame akavuliwa madaraka, na miezi michache baadaye akajisalimisha kwa Wareno.

Ukishaiandika kalenda hiyo, methali ya “kikulacho ki nguoni mwako” itakujia yenyewe. Iogope. Inamvuta mchunguzi aone kwamba kila mwenye kinyongo ni mshirika, na kila aliyenufaika ni mwuaji. Chukua mfano wa Uria Simango, makamu wa rais. Alitarajia kurithi kiti, lakini Aprili 1969 Kamati Kuu ilimpa uongozi wa watu watatu, yeye pamoja na Machel na Marcelino dos Santos. Wanaomshuku husahau kwamba vifurushi vingine vyenye mabomu vilinaswa, kimoja kikiwa na jina lake na kingine cha dos Santos. Unaweza kujibu kwamba huo ulikuwa ujanja wa kumwondolea shaka, lakini jibu hilo nalo linahitaji ushahidi wake.

Kila ushuhuda uandikie pembeni tarehe yake na hali ya msemaji siku hiyo. Waraka ambao Simango aliusambaza Novemba 1969 akiwatuhumu wenzake kwa mauaji ndani ya chama ulitoka wakati anashindwa, na ndio uliomfukuzisha. Maelezo ya washindi, yaliyowaweka Simango na Nkavandame katika fungu moja la wasaliti, yaliimarika baada ya Machel kuwa rais wa chama mwaka 1970. Wote wawili, pamoja na Gwenjere, waliuawa kwa siri baada ya uhuru bila kesi ya haki, kwa hiyo kukiri makosa kwao hadharani wakiwa kizuizini hakuna uzito wa ushahidi.

Kwa nyaraka, mafaili ya PIDE yaliyosalia yamo Torre do Tombo, hifadhi ya nyaraka za taifa la Ureno, Lisbon. Magazeti ya Dar es Salaam ya wakati ule, Uhuru na Ngurumo yakiwemo, yasome ya wiki nzima, si ya siku moja. Wazee wa Kurasini na Mtwara waliobaki waulize kwanza waliona nini kwa macho yao, kabla hujawauliza wanamshuku nani, maana mzee akishataja jina, kumbukumbu zake zote zitajipanga kulifuata jina hilo.